Nani Shahidi wa Mezani? Uthibitishaji wa Ukweli wa Kiwasifu katika Maandishi ya M. F. K. Fisher

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mhakiki anavyoweza kuthibitisha ukweli wa kiwasifu kuhusu M. F. K. Fisher (1908–1992), mwandishi Mmarekani wa masuala ya chakula ambaye vitabu vyake ndivyo chanzo kikuu cha habari za maisha yake. Kwa kuegemea zaidi The Gastronomical Me (1943), makala yanachambua vipengele vitatu: miaka iliyoandikwa juu ya sura, masimulizi yanayorudiwa katika vitabu mbalimbali, na majina ya watu. Aidha, yanajadili hati moja rasmi ambayo yenyewe ina habari ya kubuni. Inahojiwa kuwa hati haina haki ya kuaminiwa kwa sababu tu ni hati, wala simulizi haipaswi kutiliwa shaka kwa sababu tu ni simulizi. Kila dai lipimwe kwa msemaji wake, wakati wake na haja iliyolizaa. Hatimaye, makala yanaonesha umuhimu wa kipimo hicho katika uhakiki wa tawasifu na wasifu za Kiswahili.

Maneno msingi: tawasifu, wasifu, ithibati, isnadi, jina la kubuni, upatanisho wa kisarufi

1.0 Utangulizi

Mary Frances Kennedy Fisher alizaliwa tarehe 3 Julai 1908 katika mji wa Albion, jimbo la Michigan, akakulia Whittier, California, ambako baba yake alimiliki na kuhariri gazeti. Kitabu chake cha kwanza, Serve It Forth, kilitoka mwaka 1937. Kilifuatwa na Consider the Oyster (1941), How to Cook a Wolf (1942), The Gastronomical Me (1943) na An Alphabet for Gourmets (1949). Mwaka 1954 vitabu hivyo vitano vilikusanywa katika juzuu moja, The Art of Eating. Ni vitabu vya chakula, lakini si vitabu vya mapishi kwa maana ya kawaida. Ndani yake mlo ni mlango wa kuingilia katika habari za ndoa, safari, maradhi na misiba ya mwandishi mwenyewe.

Sifa hiyo ndiyo inayomtia mhakiki katika mtego. Anayetaka kujua Fisher aliishi wapi, alimpenda nani na alipatwa na nini, huvikimbilia vitabu vyake. Kisha anapotaka kuvihakiki vitabu hivyo, huvipima kwa maisha aliyoyachota humohumo. Hoja yake inazunguka kama ng'ombe wa kinu: inatembea kutwa nzima bila kuondoka mahali pake.

Kuhusu mtego huu kuna misimamo miwili iliyozoeleka. Wa kwanza huichukulia tawasifu kuwa kumbukumbu ya matukio, hivyo kila linalosemwa na nafsi ya kwanza huhesabiwa kuwa limetokea. Wa pili huona kuwa suala la ukweli halimhusu mhakiki wa fasihi, kwa kuwa matini inajitosheleza. Makala haya hayakubaliani na msimamo wowote kati ya hiyo miwili. Wa kwanza unamgeuza mwandishi kuwa karani. Wa pili unamnyima mhakiki uwezo wa kuiona sanaa yenyewe, kwa sababu huwezi kusema kwamba mwandishi ameficha, ameongeza au amepanga upya jambo fulani kama hujui jambo hilo lilikuwaje kabla hajalishika.

2.0 Mwaka Juu ya Sura

Sura nyingi za The Gastronomical Me zina mwaka chini ya kichwa. Kichwa kimoja, The Measure of My Powers, kinarudiwa juu ya sura kadhaa, na kinachozitofautisha ni miaka tu. Mpangilio huu unakipa kitabu sura ya daftari la kumbukumbu. Msomaji anayekutana na mwaka 1912, kisha 1918, kisha 1919, huanza kuamini kuwa anasoma matukio yaliyoandikwa yakiwa bado mabichi.

Hesabu ndogo inabadili hali hiyo. Sura ya mwaka 1912 inahusu povu la jemu ya stroberi iliyokuwa ikichemka katika jiko la bibi yake, ladha ambayo msimulizi anaitaja kuwa ya kwanza anayoikumbuka. Mwaka huo Fisher alikuwa ndiyo kwanza anafikisha miaka minne. Sura ya mwaka 1918 inasimulia safari ya gari pamoja na baba yake na mdogo wake wa kike, na kituo cha njiani walipokula pai ya mapichi iliyokuwa bado ya moto pamoja na krimu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Kitabu kimetoka mwaka 1943. Hivyo mwaka ulio juu ya sura ni mwaka wa tukio, na mwaka wa sauti inayosimulia uko mbali nao kwa robo karne au zaidi.

Katika sura za namna hiyo mhakiki anapaswa kutenganisha matabaka mawili ya madai. Tabaka la kwanza ni la mambo yanayoweza kuwa na shahidi wa nje: kwamba familia ya Kennedy iliishi Whittier, kwamba bibi alikuwamo katika nyumba hiyo, kwamba mdogo huyo alikuwapo. Tabaka la pili ni la mambo ambayo kwa asili yake hayana shahidi mwingine: utamu wa povu, au hisia ya mtoto kwamba kwa mara ya kwanza amekula na baba yake kama mtu na mtu mwenzake. Madai ya tabaka la pili hayawezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Kosa linalotendeka mara nyingi ni kuuazima uthabiti wa tabaka la kwanza na kuuvika tabaka la pili, kana kwamba kuthibitika kwa anwani ya nyumba kunathibitisha na ladha ya jemu.

Mfano ulio wazi zaidi ni simulizi ya kuzaliwa kwake. Fisher alieleza kuwa baba yake alitaka kumwita Independencia iwapo angezaliwa tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, na kwamba mama yake, ambaye hakupendezwa na wazo hilo, alimwomba daktari aharakishe mambo. Tarehe 3 Julai inaafikiana na simulizi hiyo, lakini kuafikiana si kuthibitisha. Hakuna mtu aliye shahidi wa kuzaliwa kwake. Alichonacho Fisher ni habari aliyoipokea kwa wazazi, na inawezekana iliboreshwa kila iliposimuliwa mezani. Mhakiki makini ataandika kuwa tarehe imethibitika, na kisa ni cha jadi ya familia. Tofauti hiyo haikipunguzii kisa thamani. Inakiweka mahali pake.

3.0 Shahidi Mmoja kwa Sauti Mbili

Kanuni ya kawaida ya utafiti ni kwamba habari inayopatikana katika vyanzo viwili ina nguvu kuliko ile ya chanzo kimoja. Kwa Fisher kanuni hii inahitaji tahadhari. Mwaka 1929 aliolewa na Alfred Fisher, wakaenda Dijon, Ufaransa, ambako mumewe alisomea shahada ya uzamivu; walirudi California mwaka 1932. Miaka hiyo mitatu inasimuliwa katika The Gastronomical Me, na inasimuliwa tena katika Long Ago in France, kitabu kilichotoka mwaka 1991 mwandishi akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Mtafiti anayeandika kuwa habari fulani ya Dijon inathibitishwa na vitabu vyote viwili anadhani ana mashahidi wawili. Ukweli ni kwamba baadhi ya sehemu za kitabu cha 1991 zinatokana na maandishi ya awali ya mwandishi huyohuyo. Shahidi ni mmoja, na ushahidi wake umenakiliwa.

Hapa taaluma ya hadithi za Mtume, inayofahamika vyema katika madrasa za pwani, ina zana iliyo makini kuliko kanuni ya kuhesabu vyanzo. Wanazuoni wake hawaishii kuuliza habari imepokewa na wangapi. Huuliza isnadi: nani aliisikia kwa nani, na je, wawili hao waliwahi kukutana? Habari iliyoenea kwa watu wengi katika ngazi za chini, lakini katika ngazi ya juu ikarudi kwa mpokezi mmoja, haihesabiwi kuwa mutawatiri hata ikasimuliwa na umma mzima. Ukizipitisha habari za Fisher katika chujio hili, utaona kuwa vidokezo vingi vya wasifu wake, katika dibaji, kamusi za waandishi na makala za magazeti, vinaishia kwa mpokezi mmoja, naye ni Fisher mwenyewe.

Ndiyo maana kazi ya Joan Reardon, Poet of the Appetites (2004), ina uzito wa pekee. Reardon aliyaweka masimulizi ya vitabuni kando ya barua na nyaraka nyingine, akabaini mahali pengi ambapo hayalingani. Sehemu kubwa ya nyaraka za Fisher imehifadhiwa katika Maktaba ya Schlesinger, Chuo Kikuu cha Harvard, na mkusanyo wa barua zake ulichapishwa mwaka 1997. Barua nazo zina maslahi yake, kwa kuwa kila barua humwandikia mtu kwa sababu. Hata hivyo barua ina sifa ambayo kitabu cha kumbukumbu hakina: mwandikaji wake hajui mwisho wa habari anayoisimulia.

Ikumbukwe pia kuwa Fisher mwenyewe aliwahi kuwa mhakiki wa ushahidi wake. How to Cook a Wolf kiliandikwa wakati wa vita, chakula kikiwa cha mgao, na mbwamwitu wa kichwa hicho ni njaa inayobisha mlangoni. Katika toleo la 1951 mwandishi hakuifuta matini ya 1942. Aliiacha, akaingiza katikati yake maoni mapya ndani ya mabano, mara akiunga mkono, mara akishangaa, mara akimpinga yule mwanamke aliyekuwa yeye miaka tisa kabla. Mabano hayo ni kitu adimu katika uandishi wa nafsi: tarehe mbili za usemaji zinaonekana katika ukurasa mmoja, na msomaji halazimiki kukisia ni lini jambo limesemwa. The Gastronomical Me hakina mabano ya namna hiyo. Kazi ya mhakiki ni kuyaweka.

4.0 Majina na Sarufi ya Kuficha

Lejeune (1975) aliuweka msingi wa tawasifu katika jina: mwandishi, msimulizi na mhusika mkuu wana jina moja, na hapo ndipo mkataba na msomaji unapofungwa. Kwa Fisher jina lenyewe lina mushkeli. Herufi M. F. K. hazisemi jinsia, na baadhi ya wasomaji wa awali walidhani mwandishi ni mwanamume. Kiingereza kililazimika kuchagua kiwakilishi, na wasomaji hao walichagua vibaya.

Jambo hili linapotazamwa kwa jicho la Kiswahili linaleta sura mpya. Kiambishi nafsi a- hakibagui jinsia, hivyo mtu angeweza kuandika mapitio marefu ya Serve It Forth kwa Kiswahili bila kukosea wala kufichua. Lakini kinga hiyo ingevunjika mara tu ndoa itakapotajwa. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa wote wawili. Kiswahili sanifu kinadai uamuzi kati ya kuoa na kuolewa, na kauli ya kitenzi ingetoboa siri iliyofichwa na herufi tatu. Kila lugha ina mahali pake pa kuficha na mahali pake pa kufichua. Anayethibitisha habari za mwandishi kupitia tafsiri hana budi kujua ni lipi limesemwa na mwandishi na ni lipi limelazimishwa na sarufi ya mfasiri.

Mfano wa pili ni wa Dillwyn Parrish, mchoraji na mwandishi aliyekuwa mume wa pili wa Fisher. Katika The Gastronomical Me anaitwa Chexbres. Hilo ni jina la kijiji cha Uswisi, juu ya Ziwa Geneva, katika eneo ambako wawili hao waliishi. Mtu amepewa jina la mahali walipokuwa na furaha. Kwa Kiswahili upatanisho ungelazimika kuamua kila mara: Chexbres yuko, au Chexbres iko? Swali hilo la kisarufi ndilo hasa swali la kihakiki. Je, kinacholiliwa katika kitabu ni mtu, au ni mahali na wakati uliokwisha?

Chexbres si jina lake pekee katika maandishi. Mwaka 1939 Fisher na Parrish walichapisha riwaya, Touch and Go, kwa jina la kubuni la Victoria Berne, mwanamke asiyekuwapo aliyewasitiri wawili. Katika familia Parrish aliitwa Tim au Timmy. Katika riwaya The Theoretical Foot, iliyochapishwa mwaka 2016, miaka 24 baada ya kifo cha Fisher, mhusika anayelingana naye ni Tim Garton. Riwaya hiyo inatokana na maradhi yaliyomshika Parrish mwaka 1938, yakasababisha akatwe mguu. Maumivu hayakuisha, na mwaka 1941 alijiua. Maradhi hayo yamo pia katika shajara zilizotolewa baada ya Fisher kufariki, katika Stay Me, Oh Comfort Me (1993).

Tukio moja, basi, lipo katika tanzu tatu: riwaya, kumbukumbu na shajara. Ukivisoma pamoja, unaona kile ambacho kitabu cha 1943 kimekifanya. Kinamleta Chexbres mezani, kinamsafirisha melini, kinamwonesha akiugua, lakini namna alivyokufa hakiisimulii. Msomaji asiyejua kilichotokea mwaka 1941 atakutana na ukimya asijue kuwa ni ukimya. Ataupita kama anavyopita nafasi kati ya aya mbili. Anayejua ataona kuwa milo ya mwisho ya kitabu imeandaliwa kuzunguka kiti kitupu. Hapa ndipo uthibitishaji unapokuwa sehemu ya uhakiki wenyewe, kwa maana bila kujua tarehe moja ya msiba, uzito wa kurasa nzima unapotea.

5.0 Cheti Kinapobuni

Hadi hapa ingeweza kuonekana kuwa dawa ni rahisi: panapokuwa na shaka, iachwe tawasifu na iendewe hati ya serikali. Maisha ya Fisher yanaikataa dawa hiyo. Mwaka 1943 alikuwa mjamzito akiwa hana mume, akajitenga katika nyumba ya kupanga huko Altadena, California, na humo ndimo alimofanyia kazi ya kuandika The Gastronomical Me. Binti yake wa kwanza alizaliwa mwezi Agosti mwaka huo. Kwa jamaa na marafiki Fisher alieleza kwanza kuwa amemchukua mtoto wa kulea. Katika cheti cha kuzaliwa, baba aliandikwa kuwa ni Michael Parrish, mtu ambaye hakuwapo. Baba halisi hakumtaja hadi alipofariki.

Ulinganishaji wa tarehe unatosha kufunga baadhi ya milango. Dillwyn Parrish alikufa Agosti 1941, miaka miwili kabla ya mtoto kuzaliwa, hivyo hakuweza kuwa baba. Hata hivyo ukoo wake umo katika cheti. Mtafiti anayethamini mihuri kuliko maneno angeandika Michael Parrish katika wasifu, akaweka rejea ya hati rasmi, na wenzake wangemnukuu. Angekuwa ameingiza katika historia mhusika wa kubuni, na kwa ushahidi ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa bora kuliko wote.

Hivyo mwaka huohuo mwanamke huyohuyo alikuwa na matini mbili mkononi. Ya kwanza ni tawasifu iliyoficha jina la mtu halisi na kumwita kwa jina la kijiji. Ya pili ni cheti kilichotoa jina kamili la mtu asiyekuwapo. Kwa kipimo cha ukweli, tawasifu ndiyo iliyo karibu zaidi, kwa kuwa nyuma ya Chexbres kuna mwanadamu aliyeishi na kufa. Ngazi ya kawaida ya vyanzo, hati juu na fasihi chini, imepinduka.

Haja iliyozaa kila matini inaeleza upinduzi huo. Cheti kiliandikwa ili kumkinga mtoto na mama yake katika zama ambazo uzazi nje ya ndoa ulikuwa aibu ya kudumu. Kitabu kiliandikwa na mjane aliyetaka kumtaja mumewe bila kumwanika. Anayeuliza tu kama hati ni rasmi hafiki kwenye haja hizo. Anayeuliza nani alisema, lini, kwa nani na kwa nini, anafika.

Kuna pia mpaka wa kimaadili. Uthibitishaji haumpi mtafiti ruhusa ya kujaza kila pengo. Kwa hoja ya kifasihi inatosha kujua kuwa jina la cheti lilibuniwa na kuwa mwandishi alinyamaza kwa makusudi. Kumsaka baba huyo kwa kukisia kati ya marafiki wa Fisher hakuongezi lolote katika ufahamu wa kitabu, na kunavunja ukimya ambao mwenyewe aliulinda kwa karibu miaka 50.

6.0 Funzo kwa Tawasifu na Wasifu za Kiswahili

Suala hili si geni kwa fasihi ya Kiswahili. Shaaban Robert aliandika habari zake katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na habari za mwingine katika Wasifu wa Siti binti Saad. Kazi ya kwanza hutumiwa kama hazina ya taarifa za maisha ya mwandishi. Ya pili, kama hazina ya taarifa za maisha ya msanii aliyefariki mwaka 1950. Ni mara chache kazi hizo huulizwa isnadi yake. Lipi mwandishi alilishuhudia? Lipi aliambiwa, na aliambiwa na nani? Lipi limeingia kwa sababu wasifu, kama alivyouelewa, ulipaswa kuwa na mafunzo kwa msomaji? Majibu hayatampunguzia Shaaban Robert hadhi. Yataonesha mahali alipokuwa shahidi na mahali alipokuwa msanii.

Vivyo hivyo, kumbukumbu za Salme binti Said, maarufu kwa jina la Emily Ruete, zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, miaka 20 baada ya kuondoka Unguja. Maelezo yake kuhusu maisha ya jumba la kifalme, pamoja na vyakula na desturi za mezani, hunukuliwa kama ushuhuda wa papo kwa papo. Ilhali ni ushuhuda wa mtu mzima juu ya utoto wake, kwa lugha ya ugenini, kwa wasomaji waliohitaji kuelezwa kila kitu. Mabano ambayo Fisher aliyatia katika kitabu chake mwaka 1951, mhakiki wa Salme hana budi kuyatia mwenyewe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa maandishi ya Fisher hayawezi kuthibitishwa kwa kurundika vyanzo wala kwa kukimbilia hati. Miaka juu ya sura ni miaka ya matukio na si ya ushahidi. Masimulizi mawili ya Dijon ni ya shahidi mmoja. Majina ya kubuni yanaweza kumbeba mtu wa kweli, na jina lililogongwa muhuri linaweza lisiwe la mtu yeyote. Kwa kila dai mhakiki anapaswa kuuliza msemaji, wakati, msikilizaji na haja, kisha aandike kwa kiwango cha uhakika anachostahili dai hilo, bila kulipandisha wala kulishusha.

Kazi hiyo inachosha, na matokeo yake mara nyingi ni sentensi fupi kuliko zile zilizokuwapo awali. Lakini kwa kitabu kama The Gastronomical Me ndiyo inayomwezesha msomaji kutambua kwamba mwandishi alikuwa akiandika juu ya mkate na divai huku akiwa na mume aliyekwisha kuzikwa na mtoto ambaye hajazaliwa, na kwamba wote wawili wamo kitabuni, ingawa hakuna aliyetajwa kwa jina.